Uvimbe wa Ubongo Umetolewa, Sasa Nani Atamsaidia Kutembea na Kusema?

SWALI: Mume wangu ana miaka 46. Wiki tano zilizopita alipasuliwa Kampala kutolewa uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, na sasa anangoja mionzi. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na maneno yanamkwama mdomoni. Tuliporuhusiwa tulipewa dawa na tarehe ya kurudi, basi. Nyumbani tunasema Kinubi na Kiswahili. Tumwone nani?
*Mke, Bombo*

JIBU: Dada, mnahitaji watu watatu: mtaalamu wa fiziotherapia kwa ajili ya kutembea, mtaalamu wa tiba kwa vitendo kwa ajili ya mkono na kazi za kila siku kama kuvaa na kuoga, na mtaalamu wa tiba ya usemi. Hakuna atakayekuja kama hakuandikiwa. Mara nyingi daktari wa upasuaji hudhani wadi imeshatoa rufaa, na wadi hudhani itaandikwa kliniki. Mgonjwa hupotelea hapo katikati.

Siku ya kurudi, kabla hamjatoka chumbani kwa daktari, mfungulie daftari la matibabu na umwombe aandike rufaa hizo tatu, kila moja kwa jina lake. "Afanye mazoezi" si rufaa. Aandike pia upande ulio dhaifu, dawa anazotumia, kama amewahi kupata kifafa, na kama mfupa wa fuvu umerudishwa au bado. Hilo la mwisho husahauliwa sana, ilhali asiye na mfupa halazwi wala kukandamizwa upande huo.

Msingoje mionzi iishe. Mionzi ya ubongo mara nyingi hutolewa siku tano kwa wiki, hadi wiki sita. Taasisi ya Saratani ya Uganda, panapotolewa mionzi, iko pale pale Hospitali ya Mulago, Kampala, kwa hiyo ombeni miadi ya fiziotherapia siku zile zile za mionzi ili nauli iwe moja. Uchovu utazidi wiki za mwisho na hata baada ya kumaliza. Hapo punguzeni dakika za zoezi, lakini msiliache.

Wataalamu wa usemi ni wachache. Shahada yao Makerere ilianza 2008 tu, na wengi wao wako Kampala. Mkimpata hata mara moja kwa mwezi, mwombeni awafundishe ninyi la kufanya nyumbani. Kabla ya kwenda, andika orodha ya lugha zote za mumeo: ipi alijifunza utotoni, ipi ya kazini, ipi ya sokoni. Akipimwa kwa Kiingereza au Kiluganda peke yake anaweza kuonekana hajui kitu, kumbe kwa Kinubi anahesabu hadi ishirini. Si lazima ubongo ulioumia upoteze lugha zote kwa kipimo kimoja. Anayemtafsiria aseme kile hasa alichotamka, na makosa yake yote. Jamaa wengi humsahihisha kwa huruma, na hapo kipimo kimeharibika.

Mkizungumza naye, zimeni redio, mtu mmoja aseme kwa wakati. Uliza "Unataka chai?" badala ya "Unataka nini?", kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia. Msimmalizie maneno mpaka aonyeshe kwamba anataka msaada.

Mkono ule dhaifu usivutwe kamwe, wala msimwinue kwa kumshika kwapani. Misuli ya bega ikilegea, kifundo huteleza, na maumivu yake huweza kukaa miezi. Shati: mkono dhaifu uingie kwanza na utoke mwisho. Akitembea, msaidizi akae upande dhaifu, na fimbo ishikwe na mkono wenye nguvu. Kwa choo cha shimo, chukua kiti cha plastiki chenye mikono, kata tundu kwenye kalio, lainisha kingo kwa msasa, kiwekwe juu ya shimo. Chagua kizito, kwa sababu vile vyepesi hutanuka miguu juu ya saruji yenye maji na kupasuka mtu akiwa amekaa.

Mkiamua kulipia mtaalamu wa kuja nyumbani, mwombeni awaonyeshe leseni ya mwaka huu ya baraza linalosajili kada yake. Kuuliza si utovu wa adabu.

SWALI: Baba alimaliza mionzi ya ubongo na bado anatumia deksamethasoni. Akinywa maji anapaliwa, lakini posho (ugali) anakula vizuri. Tena hawezi kuinuka kwenye kiti kifupi, ingawa mikono ina nguvu. Watu wanasema uvimbe umerudi.
*Kijana, Arua*

JIBU: Maji ni mepesi, hukimbia kooni kabla koo halijafunga njia ya hewa. Kitu kizito huenda polepole na kumpa nafasi. Kwa sasa mpeni vinywaji vizito kama uji, kwa kijiko cha chai, akiwa ameketi wima na kidevu kimeinama kidogo. Baada ya vijiko viwili vitatu mwambieni aseme "aaa". Sauti ikitoka kama yenye maji ndani, bado kuna kitu kooni: akohoe, ameze tena. Abaki ameketi nusu saa baada ya kula, na asilishwe akiwa na usingizi. Msafisheni mdomo asubuhi na jioni, kwa sababu mate machafu yakishuka mapafuni huleta nimonia. Homa ikija pamoja na kikohozi, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Na hata bila homa, hospitali ya rufaa ya mkoa imwangalie anavyomeza. Msiridhike na vijiko vyetu.

Kuhusu kiti: dawa za steroidi, kama hiyo deksamethasoni yake, hula misuli ya mapaja na nyonga. Dalili yake ni hiyo hiyo, kuinuka na kupanda ngazi kunashinda, vidole vinashika sawa. Hata hivyo daktari ampime, kwani udhaifu mpya unaweza pia kutoka kwenye uvimbe wenyewe, na kwa macho hamtatofautisha.

Msiikatishe dawa ghafla. Mwili uliozoea steroidi za vidonge huacha kutengeneza zake, na mgonjwa anaweza kuanguka presha na kuzimia. Mwulizeni daktari kama dozi inaweza kushushwa kidogo kidogo. Anywe baada ya chakula, asubuhi. Kama ni mara mbili, ya pili isipite saa nane mchana, la sivyo atakesha. Akianza kuwa na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, apimwe sukari.

Zoezi: kiti kirefu chenye mikono kiegemezwe ukutani, ainuke na kuketi mara tano, apumzike, mara mbili kwa siku, mtu akiwa ubavuni.

SWALI: Wifi yangu ana uvimbe wa ubongo na analala sana. Mguu mmoja umevimba. Tunausugua kwa mafuta ya moto.
*Kasese*

JIBU: Acheni kuusugua leo. Wagonjwa hawa huganda damu miguuni kirahisi, na donge likisukumwa huweza kupanda hadi mapafuni. Mpelekeni hospitali leo hii. Akishikwa na pumzi au kifua, msingoje hata saa moja.

SWALI: Tumeandikiwa hospisi. Daktari ametukatia tamaa?
*Hoima*

JIBU: Hapana. Hospice Africa Uganda, iliyoanza 1993 na yenye kituo hapo kwenu Hoima, huona watu wanaoendelea na matibabu pia. Kazi yao ni maumivu, kutapika, vidonda vya mgongo, na kuwafundisha ninyi mnaouguza. Morfini yao, dawa ya maumivu makali, ni ya maji, hunywewa, na wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika, kwa hiyo hamlazimiki kumngoja daktari. Siku mnapoipokea, ombeni na dawa ya kulainisha choo. Mkiisahau, siku ya nne mtakuwa mnapambana na tumbo lililofunga.