Mwanangu alianza kusoma kwa sauti mbele ya mbwa

Dada yangu, umeeleza kwamba binti yako wa miaka saba anaomba mbwa kila kukicha, mumeo anaona ni uchafu na gharama tu, nawe hujui umsikilize nani. Mimi ni baba, na miaka michache iliyopita nilikuwa nasema maneno yaleyale ya mumeo. Acha nikueleze yaliyotokea nyumbani kwangu.

Mwanangu alikuwa na miaka minane na bado anasoma kwa kukwama. Darasani walimcheka, nyumbani nasi tukawa tunamkatiza kila neno tukidhani tunamsaidia. Ikafika mahali akawa anaficha vitabu. Wakati huo ndugu yangu mmoja alikuwa anahama na hakuweza kuondoka na mbwa wake, jike wa miaka minne, mtulivu, jina lake Doa. Nilimchukua shingo upande.

Jioni moja nikasikia sauti chumbani kwa mtoto. Nikachungulia. Kaketi sakafuni, Doa kalaza kidevu juu ya mguu wake, anasomewa hadithi. Mtoto akafika kwenye neno refu, akakwama. Akajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyemmalizia, hakuna aliyeguna. Akalipata, akaendelea. Nilisimama koridoni mpaka ukurasa ukaisha, na iliniuma kukumbuka ni mara ngapi nilimnyang'anya neno mdomoni.

Baadaye ndipo nikajua kwamba wengine walishaliona jambo hili zamani. Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto wa New York, aliandika mwaka 1962 jinsi mbwa wake Jingles alivyomsaidia kuwafikia watoto waliokuwa wagumu kuzungumza naye. Na mwaka 1999, Salt Lake City huko Marekani, ulianzishwa mpango wa watoto kuwasomea mbwa waliozoeshwa kutulia. Mbwa hasahihishi, hana haraka, wala hamlinganishi mtoto na mwenzake. Kwa mtoto anayeogopa kukosea, huyo ni msikilizaji wa thamani kubwa.

Jambo la pili sikulitarajia. Tulimfundisha kusoma mwili wa mbwa, kwa sababu za usalama tu. Mkia kutikisika si furaha kila mara. Mbwa akikakamaa, akigeuza uso pembeni au akijilamba midomo bila chakula, anaomba aachwe. Haguswi akila, akilala, wala akiwa na watoto wake, na hakumbatiwi shingoni. Miezi ikapita. Siku moja wageni walikuwa wanambeba mdogo wake kwa zamu, mwanangu akaninong'oneza: "Baba, mtoto anageuza uso. Amechoka, tumpeleke akapumzike." Mimi sikuwa nimeona.

Sasa mumeo naye ana hoja, usimpuuze. Binti yako ataahidi kufanya kila kitu, na atakuwa anamaanisha, lakini mtoto wa miaka saba hawezi kubeba maisha ya mnyama peke yake. Mpe kazi moja ndogo anayoiweza kila siku. Wetu alipewa bakuli la maji. Alisahau mara nyingi, na badala ya kulijaza kimyakimya nilikuwa namwita tulitazame pamoja likiwa kavu, kisha analijaza mwenyewe. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kiumbe kinachomtegemea yeye. Lakini mwenye mbwa ni ninyi wawili. Kama mmoja wenu hayuko tayari kabisa, subirini.

Kuhusu uchafu: mbwa apate dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa kwa daktari wa mifugo, na mtoto anawe mikono kwa sabuni kila baada ya kucheza naye. Akiumwa na mbwa yeyote ambaye huenda ana kichaa, osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo hata kama ni mkwaruzo. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo inayowahi ndiyo huokoa. Kama mtoto ana pumu au mzio, zungumza na daktari wake kwanza.

Mkikubaliana, ningewashauri msianze na mbwa mchanga. Anatafuna, anang'ata kwa kucheza, na mtoto anaweza kukata tamaa wiki ya kwanza. Tafuteni mkubwa aliyeishi na watoto. Nendeni wote watatu, zaidi ya mara moja, mkae naye bila haraka, na mwache yeye ndiye amfuate binti yako. Mwulizeni anayemtoa: mbwa huyu anafanyaje mtu akisogelea chakula chake, anafanyaje akishtuliwa usingizini, na kwa nini anamtoa. Jibu la hilo la mwisho lisikilizeni kwa makini zaidi.