Mzee akianza kutetemeka, mwambieni daktari habari za baiskeli yake

Kama nyumbani kuna mzee anayetetemeka, amekakamaa na anatembea kwa kuburuta miguu, mkienda kwa daktari mwambieni kama bado anaendesha baiskeli. Huenda asiulize, na sisi hatusemi kwa kuwa hatuoni linahusiana nini na ugonjwa.

Baba yangu mdogo ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo. Akifika mlangoni miguu inagoma, mpaka mtu amhesabie "moja, mbili" ndipo avuke. Lakini mpe Phoenix yake: anaisukuma kidogo, mguu wa kushoto kwenye pedali, anadandia, huyo! Kushuka ndiko kunakomshinda, kwa hiyo siku hizi anazunguka uwanjani tu, kijana akiwa karibu. Majirani walisema anajifanyisha. Wapi! Mwaka 2010 madaktari wa Nijmegen, Uholanzi, walieleza habari za mgonjwa wa miaka 58 aliyeshindwa kutembea hatua chache bila kuanguka, ila baiskeli aliiendesha vizuri kabisa.

Mwaka 2011 wakaandika katika jarida la udaktari la Lancet kwamba baiskeli husaidia kutenganisha Parkinson yenyewe na magonjwa yanayofanana nayo. Kati ya waliokuwa waendeshaji kabla ya kuugua, karibu nusu ya wenye magonjwa hayo mengine walikuwa wameshaacha. Wenye Parkinson walioacha walikuwa wa kuhesabu. Magonjwa hayo huharibu mapema uwezo wa kujizuia usiyumbe kushoto na kulia, na hapo magurudumu mawili hayakubali. (Ya magurudumu matatu haihesabiki.) Jibu lina uzito, maana dawa ya levodopa humsaidia sana mwenye Parkinson, lakini hao wengine mara nyingi huwasaidia kidogo au isiwasaidie.

Tafadhali, msimtoe mzee barabarani kumpima! Muulizeni tu: uliacha lini, na kwa nini? Wapo walioacha kwa sababu ya goti, macho, woga wa malori, au baiskeli iliibiwa. Na Parkinson ikishakaa miaka mingi, mwenye nayo pia anaweza kuacha. Kinachoangaliwa zaidi ni miaka ya mwanzo ya ugonjwa.

Mama zetu wengi hawakuwahi kupanda baiskeli. Kwao daktari anaweza kuwatembeza kwenye mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, aone kama watayumba pembeni.