Diodi za Perovskaiti: Mng'ao Chini ya Taa Hautoshi

Kwa wanafunzi wenzangu mnaoanza kutengeneza diodi za mwanga (LED) kwa perovskaiti, hapa kristali zenye risasi na bromidi zinazotoa mwanga wa kijani: kazi kubwa iko kwenye uso wa kristali. Huko, na kwenye mipaka kati ya chembe za kristali, ayoni za bromidi hutoka na kuacha atomi za risasi bila mwenza. Elektroni ikinaswa hapo, nishati yake huishia kuwa joto badala ya mwanga.

Ndiyo maana tunautibu uso. Trioktilifosfini oksidi, kwa mfano, ina oksijeni inayoishika risasi hiyo na kuziba pengo. Dondoshea myeyusho wake kwenye utando, yaani tabaka jembamba la perovskaiti, huku ukizungushwa, kisha umulike kwa taa ya urujuanimno: kijani kinakolea. Mimi hufurahi kila ninapokiona. Ila mng'ao huo unaeleza hali ya utando tu, hauelezi umeme utapitaje. Molekuli hii ina minyororo mirefu ya kaboni isiyopitisha umeme. Ukiizidisha, utando utawaka vizuri chini ya taa huku diodi yenyewe ikidai volti nyingi na kutoa mwanga hafifu.

Kwa hiyo anza na myeyusho mwepesi sana, na usihukumu kabla ya kukamilisha diodi. Mimi huandaa tando tatu kutoka chupa moja: uliotibiwa, usioguswa, na uliooshwa kwa kiyeyusho kitupu. Huo wa tatu wengi huuruka, nami nausisitiza kuliko yote, kwa sababu kiyeyusho peke yake kinaweza kubadilisha uso. Viyeyusho kama toluini na klorobenzini haviyeyushi perovskaiti. Lakini isopropanoli inaweza kung'oa chumvi za methilamonia zilizomo kwenye baadhi ya perovskaiti, kisha sifa au lawama ukaipa molekuli isiyohusika.

Ukitaka mfano wa kufuata, soma kazi ya kundi la mtafiti Tae-Woo Lee wa Seoul, Korea Kusini, 2022. Walitumia asidi ya benzilifosfoni, molekuli fupi inayoshikamana imara na risasi. Iliingia ndani ya utando, ikazigawa chembe kubwa kuwa ndogo za nanomita 10 hivi na kuzifunika. Kwa kila elektroni 100, fotoni (chembe za mwanga) karibu 29 zilitoka nje. Mwaka 2014, diodi za watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge hazikufikisha hata moja. Kwa mwangaza wa kuanzia wa kandela (kipimo cha mwanga) 1,000 kwa mita ya mraba, diodi ya kundi la Lee ilichukua saa 520 mwanga kupungua hadi nusu. Nanyi pimeni muda huo pamoja na ufanisi, kwa tando zote tatu.

Mabaki yote, hata pamba ya kufutia, yana risasi: yawekeni kwenye chombo chake, kamwe si kwenye sinki.