Kabla hujaandika "Dhamira" ubaoni

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa kituo huku kwetu nyanda za juu, ukakabidhiwa Kiswahili kidato cha tatu: karibu, na sweta usisahau. Yale madesa yako ya uchambuzi yaache kwenye begi kwa wiki tatu za mwanzo.

Mimi sikuyaacha. Kipindi changu cha kwanza cha tamthiliya, shule ya kata huku Mufindi, niliandika "Dhamira" ubaoni nikateremka nazo: mapenzi, uzembe, elimu, nafasi ya mwanamke. Darasa zima likanakili kimya, miandiko safi, nami nikajiona mwalimu kweli. Kwenye jaribio nikauliza kitu kidogo tu: nani alichoma karatasi za sensa, na kwa nini? Kati ya wanafunzi 56, waliojibu sawasawa hawakufika watano. Walikuwa na dhamira zote za kitabu wasichokifungua.

Kitabu chenyewe kilikuwa Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, cha Edwin Semzaba. Karani Ngoswe anafika kijijini kuhesabu watu, anampenda Mazoea, binti wa mwenyeji wake, kazi inamharibikia, na mwishowe Mzee Mitomingi, baba wa binti, anazitia karatasi moto. Kijana wa miaka 16 anakichukiaje kisa kama hicho? Lakini mimi sikuwa nimempa kisa. Nilimpa orodha ya kukariri.

Mwaka uliofuata, 2023, nilikuwa na nakala nne za kitabu. Nikaanza kuwasomea mwenyewe kwa sauti, dakika 15 hivi, kisha nafunga kitabu mambo yanapokolea. Wananung'unika, nami nawaambia wabashiri. Sensa ya Agosti 2022 ilikuwa bado mbichi vichwani mwao. Karani aliwafikia majumbani na kishikwambi, si karatasi. Tulipofika kwenye ule moto, binti mmoja wa nyuma, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, akauliza: "Mwalimu, leo mzee angechoma nini?" Vipindi viwili vyote vikaishia hapo. (Vishikwambi vile baadaye tuligawiwa walimu. Changu ndicho ninachoandalia masomo.)

Jambo moja hukuambiwa chuoni: wapo wanaofika kidato cha tatu wakiwa bado wanasoma silabi kwa silabi. Wengi wa hao ndio wanaosema vitabu vinachosha, maana ni rahisi kukiri uvivu kuliko kukiri hujui kusoma vizuri. Usimsimamishe mtu kama huyo ghafla. Mpe sehemu yake ya mazungumzo siku moja kabla, akaipitie chemba na mwenzake. Mtundu wa darasa mpe Mitomingi. Atainunua nafasi ile kwa jasho. Juni na Julai, ukungu ukishainuka, watoe nje wakasomee kwenye jua la ukutani. Ndani, kwa baridi, wanawaza vidole tu.

Nakala za kupeleka nyumbani nazigawa Ijumaa kwa zamu, nikiandika majina kwenye daftari. Msimu wa kupanda usitegemee mengi. Jumamosi wengi wako shambani au kwenye vitalu vya miche.

Mtihani je? Utafika, na bado utataka hoja tatu kwa kila kitabu. Orodha ya vitabu teule nayo hubadilika, kwa hiyo Ngoswe si msahafu. Ila mwanafunzi aliyebishana juu ya ule moto hukupa hoja zake mwenyewe, na hapo ndipo unapomfundisha kuwa hii tunaiita mgogoro, hii ujumbe. Jina linakuja baada ya kitu. Mkuu wa idara akikuuliza mbona daftari za wanafunzi hazina notisi wiki ya pili, mwombe aingie darasani akae nyuma. Wangu alikuja kunikagua, akaishia kubishana na kidato cha tatu kama Mazoea ana kosa.

Na kitabu kikirudi Jumatatu kina masizi na harufu ya moshi, usifoke. Kimesomewa jikoni.