Meli ya utalii mara ya kwanza, na mama ana presha

Dada, nimekuelewa: wiki nzima baharini kutoka Barcelona, mama ana presha, nawe unaogopa kutapika. Dawa za mama zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na pasipoti. Masanduku makubwa mtayaacha bandarini, yataletwa chumbani baadaye. Langu lilifika usiku, dawa zikiwa ndani, nikahangaika kweli. Chagueni chumba cha ghorofa za chini, katikati ya meli, hapo hapayumbi sana. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla hujaanza kujisikia vibaya, ila kwa mama muulize daktari wake kwanza, isije ikagongana na za presha. Kama meli inapitia Tunisia, viza ya Schengen (ile ya kuingia Hispania na nchi nyingi za Ulaya) iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwani Tunisia iko nje ya nchi hizo na kurudi ni kuingia upya.