Rampu Haitoshi, Anza na Choo

Msanifu majengo mmoja kijana ameniandikia akiuliza rampu ya jengo la umma, ile njia isiyo na ngazi ya kupandia kwa kiti cha magurudumu, iwe na mteremko kiasi gani. Nimefurahi kuulizwa kabla zege halijamwagwa. Kwa kila sentimita 1 ya kupanda, urefu usipungue sentimita 12. Ngazi zinazopanda jumla ya sentimita 60 zinadai rampu ya zaidi ya mita 7. Wengi wakisikia hivyo wanakata nusu, na hapo sisi wenye viti vya magurudumu tunageuka watu wa kusukumwa.

Lakini mdogo wangu, swali lako limeishia mlangoni, na mimi nimedhalilishwa zaidi ndani. Kuna ofisi moja ya umma ina rampu safi, vishikio pande zote mbili. Niliingia mwenyewe, kichwa juu. Nilipoomba choo nikaonyeshwa chumba chenye alama yetu, kimejaa ndoo na mafagio. Vitu vikatolewa. Mlango ulikuwa unafungukia ndani, kwa hiyo kiti kikishaingia haufungiki. Nikajisaidia huku mlinzi, mwanamume nisiyemjua, amenipa mgongo akiuzuia mlango kwa mkono. Miaka imepita, bado inaniuma.

Kwa hiyo chora choo kwanza. Acha duara la sentimita 150 lisilo na kitu, kiti kigeuke. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, ufungukie nje. Kando ya bakuli la choo iwepo nafasi ya kuegesha kiti, maana tunajihamisha kwa nguvu za mikono, na vyuma vya kushikilia vifungwe kwenye ukuta unaohimili uzito wa mtu mzima. Chini ya sinki la kunawia pasiwe na kabati, magoti yapite.

Hivi karibuni nilitembelea kituo cha afya ambacho ramani yake niliipitia. Mkandarasi alinibishia sana kuhusu huo mlango. Niliingia, nikajifungia, nikatoka bila kumwita mtu. Najivunia mlango ule.

Tangu 2006 upo mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na ibara yake ya 9 inataka majengo ya umma yafikike. Visingizio vimekwisha. Wasanifu, msikalie viti vyetu nusu saa mkadhani mmeshajua. Mwiteni anayekitumia kila siku, ramani ikiwa bado inafutika, na mumlipe kama mnavyomlipa fundi umeme.