Daktari kasema mama atafutiwe watu

SWALI: Shikamoo dada. Mama ana presha, tangu mzee afariki hatoki ndani, mara kichwa mara moyo unaenda mbio, klinik vipimo viko sawa na dawa anameza. Juzi daktari kasema dawa siongezi, huyu atafutiwe watu. Ndo matibabu gani hayo? Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Daktari hajakutania. Uingereza wameifanya kazi rasmi kabisa, mwaka 2019 NHS, yaani huduma ya afya ya serikali yao, walipanga kuajiri watu zaidi ya 1,000 wa kukaa na mgonjwa, kumsikiliza, halafu kumuunganisha na vikundi vya bustani, kwaya, matembezi, hata ushauri wa madeni, maana upweke hauna kidonge. Kwetu muulizie afisa ustawi wa jamii hapo hospitali au mhudumu wa afya wa mtaa wenu. Ila kwanza muulize mama mwenyewe alikuwa anapenda nini kabla ya msiba, usimburuze tu kwenye kikoba na hela ya hisa hana, utamuongezea mawazo bure. Kama alikuwa anasuka ukili tafuta wanaosuka, kama ni kwaya au darsa la kina mama sawa, na siku za mwanzo msindikize mpaka mlangoni kabisa, wengi wanaishia njiani hapo. Msimu wa korosho watu wako shamba, ulizia kikundi kinakutana lini. Dawa ya presha asiache, na akisema hataki kuishi mrudishe hospitali siku hiyohiyo.